Bolti ya Kushoto

Mkanda ulikuwa umeanza tena kwenda upande. Fundi aliutambua mwendo ule kwa sauti kabla hajaufikia: mlio mwembamba wa mpira unaosugua chuma, kama mtu anayeburuta kiti katika chumba cha jirani na hachoki. Jana, kabla ya kuondoka, alikuwa ameurudisha katikati kwa kusogeza rola za chini kidogo kidogo. Alisimama akautazama ukipita sawia, ndipo akaenda nyumbani. Asubuhi hii ulikuwa umerudi kule kule kushoto, ukijisaga kwenye fremu, na nyuzi za ukingo wake zikining'inia kama pindo la nguo iliyofumuka.

Wakati mwingine jambo hilo lingekuwa kero ya kazi na basi. Lakini kesho wifi yake alikuwa anarudi kazini, na mahali pa wifi yake palikuwa kando ya mkanda huo.

Kilikuwa kiwanda cha kokoto. Mashine ilivunja mawe, mawe yakamwagika juu ya mkanda mpana wa mpira, na mkanda ukayabeba, kwanza chini chini mbele ya kibanda cha wachambuzi, kisha ukapanda nayo hadi juu ya lundo. Wachambuzi walikuwa wanawake waliosimama kandokando ya mkanda wakiondoa mizizi, vipande vya chuma na kila kisichokuwa jiwe. Kiongozi wao alikuwa dada ya mumewe Fundi. Watu walimwita Macho Manne, si kwa miwani, maana hakuwa nayo, bali kwa sababu hakuna msumari uliowahi kumpita. Kazi ya Fundi ilikuwa mkanda wenyewe: kuukata, kuuunga, kuunyoosha, na kuulinda ili uishi umri uliokusudiwa.

Mikanda haikuwa ikiishi. Tangu aajiriwe, miwili ilikuwa imekatika, na yote miwili ilikatikia penye kiungo, pale ambapo ncha mbili za mpira huunganishwa kwa gundi na joto ili mkanda uwe duara. Wa pili ulikatika ukiwa na mzigo. Uliteleza kinyumenyume kutoka juu, ukajikunja, na ncha yake ikampiga wifi yake mkono. Mfupa ulivunjika. Kiungo kile kilikuwa kazi ya mikono ya Fundi, na kiwandani hapakuwa na aliyehitaji kuambiwa.

Waliishi nyumba moja, nyumba ya baba mkwe wake, na humo ndimo uzito ulimokuwa. Wifi yake hakumtukana; angemtukana ingekuwa afadhali. Alizungumza na baba yake mezani, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, kana kwamba Fundi hayupo. Siku moja alisema kwamba fundi cherehani akikushonea vibaya unaaibika tu, lakini wako mafundi wengine, ukikaa karibu na kazi yao unavunjika. Baba mkwe alicheka kidogo, kisha akaona si mahali pa kucheka, akaomba chumvi. Mume wa Fundi, dereva wa lori la masafa marefu, alipopigiwa simu aamue, alijibu kwamba yeye anasikia breki tu. Mambo ya wifi na wifi hayana gia ya kurudi nyuma, asingeingia.

Sasa plasta ilikuwa imeondolewa. Mkono uliokuwa umeungana upya ungesimama kando ya kiungo kingine kipya, na hicho pia ni Fundi aliyekitengeneza. Hilo ndilo lililomkosesha utulivu. Alipokaa alitaka kusimama. Aliposimama alitaka kwenda kuutazama mkanda. Alijua hatua zote za kazi yake, na kila alipozipitia kichwani hakuona alipokosea. Lakini mikanda miwili ilikuwa imekatikia hapo hapo. Ama mikono yake ilikuwa na dosari asiyoiona, ama kulikuwa na jambo jingine, na ilimpasa kulijua kabla ya kesho.

Akamwomba Mhandisi asimamishe mashine saa ya mapumziko ya mchana. Mhandisi alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta kofia yake kwa kitambaa kila alipofikiri, na kofia yake ilikuwa safi kuliko zote kiwandani. Hakubisha. Walianza panapomwagikia mawe, kwa sababu jiwe linaloanguka kutoka juu sana huupiga mpira kama nyundo. Wakakuta kimo si kibaya, na mabamba ya kupunguza kishindo yako mahali pake. Wakapita rola moja baada ya nyingine wakizizungusha kwa mkono, kwa kuwa rola iliyokwama haibebi mkanda, inaukwangua. Moja tu ilikuwa nzito, wakaibadilisha. Kikwangulio cha kusafishia mpira kilikuwa kimekaa vizuri. Matope yaliyoganda kwenye ngoma ya mbele, gurudumu pana linalouzungusha mkanda, yalikuwa machache. Fundi alivuta uzi kutoka mwanzo wa fremu hadi mwisho ili aone kama chuma kimepinda. Chuma kilikuwa kimenyooka.

Basi wakaenda stoo kuutazama mkanda uliokatika. Ulikuwa umekunjwa pembeni, una vumbi, na hakuna aliyependa kuugusa. Fundi aliukunjua, akapiga magoti, akapitisha kidole penye kiungo. Tangu siku ya ajali hakuwa ameutazama kwa karibu hivi. Gundi haikuwa imebanduka. Ilikuwa imeshika mpaka mpira wenyewe ukachanika kando yake. Na mchaniko ulikuwa umeanzia upande wa kulia, ukaenda ukipungua hadi kushoto. Lakini ukingo uliosagika ulikuwa wa kushoto.

"Kulia kumevutwa, kushoto kumesagwa," alisema Mhandisi akifuta kofia. "Haya ni magonjwa mawili."

"Au mgonjwa ni mmoja, ila analala vibaya," alisema Fundi.

Aliyasema hayo kabla hajayafikiri, kisha akayafikiri, akainuka na kutembea upesi hadi mwanzo wa mkanda, kwenye ngoma ya nyuma. Ngoma hiyo inashikiliwa na bolti mbili ndefu, moja kila upande. Ukizikaza, ngoma inarudi nyuma na mkanda unakazika. Ya kulia ilikuwa wazi, karibu na njia. Meno yake yalikuwa yameng'aa, na sehemu ndefu ilikuwa imejitokeza nje. Ya kushoto ilikuwa nyuma ya ukuta mfupi uliojengwa mwaka jana kuwakinga wachambuzi na mawe yanayoruka. Ilimbidi Fundi alale kifudifudi na kuingiza kichwa na tochi kwenye upenyo wa chini ili aione. Ilikuwa imefunikwa na vumbi gumu na kutu. Haikuwa imeguswa tangu ukuta ujengwe. Fundi mwenyewe hakuwahi kuzihitaji bolti hizo: kila mkanda mpya aliukata kwa urefu wa ule wa zamani.

Akabaki pale chini kwa muda, shavu kwenye kokoto. Ngoma ilikuwa imekaa mshazari. Upande wa kulia ulikuwa ukivutwa kupita kiasi, na kiungo kikibeba mvuto wote kwa ukingo mmoja. Mkanda nao ulikuwa ukikimbilia upande uliolegea, ukijisaga kwenye fremu. Kila jioni alikuwa akiunyoosha kwa rola, na kila asubuhi mtu fulani alikuwa ameshaupinda tena.

Alipotoka alimwuliza Mhandisi ni nani mwingine anayeruhusiwa kugusa bolti zile. Mhandisi alijibu kwamba kwa maagizo ni Fundi peke yake. Na hivyo ndivyo Fundi alivyofundishwa chuoni, kwamba mkazo wa mkanda ni kazi ya fundi wa mikanda, tena mashine ikiwa imezimwa. Hakuwahi kuwaza kuuliza kama na wengine walifundishwa hivyo.

Hakuondoka. Alisubiri wakati wa kubadilishana zamu, ambapo mashine husimama kidogo. Mnyapara wa zamu ya asubuhi aliitwa Taratibu, kwa sababu hakuwahi kufanya jambo lolote taratibu. Alitoka akiwa ameshavua glavu, anacheka na mwenzake, begi begani. Alipofika kwenye ngoma ya nyuma alinyoosha mkono bila kutazama, akachukua spana iliyoning'inia kwenye msumari, akaipa bolti ya kulia mzunguko mdogo, akairudisha spana mahali pake na kuendelea na kicheko chake. Ilikuwa kama mtu anayefunga mlango nyuma yake.

Fundi akamwita, akamwuliza amefanya nini.

"Wapi?"

"Hapo. Kwenye bolti."

Taratibu alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Aa, hiyo ni adabu tu, shemeji. Unawaachia wanaoingia mkanda umekaza, usije ukawatelezea. Na wao wakitoka wanatuachia hivyo hivyo."

Wale wa zamu ya jioni waliokuwa wakiingia walithibitisha. Ndivyo walivyokuta. Mtu hatoki jikoni akauacha mtungi mtupu kwa ajili ya mwenzake, na mtu hatoki zamu akauacha mkanda umelegea. Fundi alipouliza kuhusu bolti ya kushoto, walitazamana. Mmoja aliuliza kama ipo.

Aliwaambia waache. Walimsikiliza kwa heshima, na ndani ya heshima hiyo aliona kwamba hawataacha. Taratibu alisema kwa upole kwamba jambo hilo halikuanzishwa nao, lilianzishwa na Mzee, yaani baba mkwe wa Fundi, aliyekuwa mnyapara hapo miaka mingi kabla ya kustaafu. Wakiliacha bila yeye kusema, wataonekana wamemdharau. Mhandisi alijitolea kubandika tangazo ukutani.

"Bandika," alisema Fundi. "Lakini mkono hausomi."

Njiani alitembea upesi, kisha polepole, kisha upesi. Mikono yake haikuwa na dosari. Hilo lilipaswa kumtuliza. Badala yake aliona kilichobaki kuwa kigumu zaidi. Ilimpasa, yeye mkwe katika nyumba hiyo, amwambie baba mkwe kwamba mazoea mema aliyoyaacha kazini ndiyo yaliyouvunja mkono wa binti yake. Asiposema, kesho saa ya kutoka Taratibu angenyoosha mkono bila kutazama.

Alimkuta mzee sebuleni, redio ikisema peke yake. Wifi yake alikuwa uani, anakamua kitambaa chenye maji kwa mkono ule, anakilowesha, anakikamua tena, kuujaribu. Fundi alimwamkia mzee, akakaa kwenye ncha ya kiti, akainuka kupunguza redio, akakaa tena. Alianza mbali. Aliuliza zamani waliufanyaje mkanda ulipoteleza. Mzee aliipenda habari hiyo, akaieleza kwa mikono: mkanda mpya hurefuka kama kiatu kipya, usipoukaza unakuchezea, kwa hiyo kila aliyetoka alimpunguzia mwenzake kazi. Alisema kizazi cha sasa hakijui kuachiana vitu.

"Wanajua, Baba," alisema Fundi. "Mpaka leo wanakaza. Kila zamu."

Uso wa mzee uling'aa. Fundi aliona ung'avu ule, akatamani kuliahirisha neno lake, akalitoa.

"Wanakaza ya kulia tu."

Vidole vya mzee, vilivyokuwa bado vinazungusha spana isiyokuwepo, vilisimama. "Na ya kushoto?"

"Iko nyuma ya ukuta. Haifikiki."

"Ukikaza moja ukaacha nyingine, hujamsaidia mtu. Umeipinda ngoma. Mimi nilikuwa nazunguka, nakaza zote mbili. Tena mkanda ukiwa mpya tu, ukishakaa sawa naacha." Fundi akaona hesabu ikienda ndani yake, hatua kwa hatua, kutoka ngoma hadi mkanda, kutoka mkanda hadi uani. Aliposema tena sauti ilikuwa kavu. "Kwa hiyo umekuja kuniambia kwamba mimi ndiye niliyemvunja mwanangu mkono."

"Sikuja kusema hivyo, Baba."

"Lakini ndivyo ulivyosema."

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi, maji yakidondoka sakafuni. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amesikia yote. Fundi alisubiri dhihaka. Haikuja.

"Ule ukuta niliudai mimi," alisema wifi yake. "Mawe yalikuwa yanaturukia. Nilimfuata meneja mpaka akachoka kuniona." Akatazama maji aliyoyamwaga, akayasukuma kwa mguu. "Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejenga ukuta, nikapata ufa."

Hakuna aliyecheka, ingawa yeye mwenyewe alitaka kucheka. Mzee aliomba viatu vyake vya kazi. Havikuonekana. Alianza kulaumu kila mtu kwa kuvihamisha, akavikuta chini ya kitanda chake mwenyewe, akaviweka mlangoni tayari kwa asubuhi, kisha akaenda kuvitazama tena kama vipo.

Asubuhi waliondoka watatu, na mzee njia nzima alilalamika kwamba viatu vimepungua. Kiwandani alikwenda moja kwa moja kwa Taratibu. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba alimfundisha salamu, naye ameishika nusu; na kwamba tangu leo hata ile nusu aiache, bolti ni za Fundi. Taratibu aliinamisha kichwa, akasema ndiyo Mzee, na mkono wake ukaenda kukuna shingo kwa kukosa pa kwenda. Spana iliondolewa kwenye msumari. Mwashi alitoboa ukuta na kuweka kijidirisha cha chuma mbele ya bolti ya kushoto. Fundi alizilegeza zote mbili, akapima pande zote mpaka ngoma ikakaa sawa, akazikaza kwa kipimo kimoja. Mkanda mtupu ulipowashwa ulipita katikati, kimya, kana kwamba ulikuwa umesahau mazoea yake yote.

Mhandisi alisema sasa wapakie mawe. Alikuwa amekikagua kiungo, kwa macho kilikuwa kizima.

"Kwa macho hata mkono wangu ni mzima," alisema wifi yake. Alikuwa amesimama mahali pake, lakini mikono yake ilikuwa nyuma. Akamgeukia Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu ajali alimwita. "Wifi. Kiungo hiki kimevutwa upande mmoja tangu ulipokifunga. Ungekuwa wewe, ungesimama hapa?"

Fundi alikitazama kiungo. Kilikuwa kizuri. Aliijua kila sentimita yake. Alijua pia kwamba ndani ya mpira zipo nyuzi ambazo hakuna jicho linalozifikia, na kwamba zimekuwa zikivutwa upande wa kulia.

"Nisingesimama," alisema, na akatoa kisu.

Meneja alikuja, akaongea sana kuhusu malori yanayosubiri, akaondoka, akarudi kuongea tena. Mhandisi alimsikiliza kwa niaba ya wote. Fundi alikikata kiungo, akachuna tabaka za mpira ngazi kwa ngazi, akazisugua, akapaka gundi, akasubiri ikauke, akapaka tena, akafunga mabamba ya joto. Katika kusubiri alizunguka mabamba yale, akaenda mpaka lundo, akarudi. Baba mkwe alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimwambia mara kwa mara akae. Hakukaa. Wifi yake alikuwa wa pili kutokaa. Nao wakapishana hivyo, huyu akienda, yule akirudi. Mabamba yalipofunguliwa, Fundi alipiga mstari mweupe wa chaki juu ya kiungo.

Mawe yalianza kushuka alasiri. Fundi alisimama upande wa pili wa mkanda, uso kwa uso na wifi yake, mahali ambapo ncha ingepiga kama ingepiga. Wifi yake hakumwambia aondoke. Alianza kuchambua kwa mkono mzima, kisha, polepole, akauleta ule mwingine.

"Kikipita chako, niambie," alisema.

Kiungo hakikuonekana chini ya kokoto, ila chaki ilitokeza kidogo ukingoni, na Fundi aliitafuta mpaka macho yakamwuma. "Sasa," alisema. Mikono ya wifi yake ilijiondoa kwenye mkanda, ikasubiri, ikarudi. Mkanda ulizunguka. "Sasa." Mikono ikajiondoa. "Sasa."

Wakati wa kubadilishana zamu Taratibu alitoka akicheka na mwenzake, begi begani. Alipofika kwenye ngoma, mkono wake uliinuka wenyewe kuelekea msumari, ukakuta hakuna kitu, ukabaki hewani. Alisimama. Wote walimtazama, naye akautazama mkono huo uliokuwa umekosa kazi. Mwishowe akaupandisha juu zaidi na kuwapungia wale wa zamu ya jioni.

"Tumewaachia salama," aliwaambia, na akaenda zake upesi, kama kawaida yake.

Mashine ikawashwa tena. Fundi hakuwa ametulia. Alijua atakuja kesho, na kesho kutwa, kuitazama chaki hiyo mpaka ifutike, na ikifutika ataichora. Mawe yalipita. Alikuwa akiitafuta ile alama nyeupe kati ya vumbi, mdomo tayari, wakati wifi yake, ambaye hakuwa ameinua kichwa na ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya kokoto ikivuta mzizi mrefu, alipotangulia kusema.

"Sasa," alisema, na mikono yake haikuondoka.